Nyumba ya magogo: Tutalala ndani ya kuni?

*Mume anaona pepo, mke anaona tanuri la mkaa. Kabla ya kusaini mkopo wa nyumba, kuna swali moja la kujibiwa: gogo linaungua vipi?*

Mapenzi yana mitihani mingi. Kuna mtihani wa mawifi, kuna wa pesa, kuna wa simu inayoita usiku wa manane na mwenzio anatoka nje kwenda kuipokea. Yote hiyo mashoga zangu walinisimulia kabla sijaolewa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba siku moja mtihani wangu utakuwa gogo la msonobari lenye unene wa sentimita 20.

Sisi ni Watanzania tunaoishi Norway, kwenye fleti ya zege ghorofa ya tatu. Mume wangu amepata nyumba inayouzwa huko Telemark, ukingoni mwa msitu. Ni ya magogo mazima: yamelazwa moja juu ya jingine, na pembeni yamefungamana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari. Wanorway wanaipenda mno nyumba ya namna hii, na siyo siri, ni nzuri. Ina joto, ina utulivu, inanukia mti. Mwenzangu alipapasa ukuta kama mtu anayemsifia ng'ombe mnadani. Mimi niliangalia jiko la kuni pale chini, nikaangalia ngazi, nikaangalia vyumba vya watoto juu.

"Lakini hii nyumba yote ni mbao, mume wangu."

"Si mbao, mke wangu. Ni gogo. Kuna tofauti."

Tofauti gani, mbele ya moto? Dalali naye akadakia kwamba magogo hayaungui. Nilipompigia mama simu Tanga, jibu lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, mnataka kwenda kulala ndani ya kuni?"

Basi kwa miezi miwili nyumbani kwetu kumekuwa na mada moja tu. Nimesoma, nimeuliza zimamoto, nimemsumbua msafisha dohani wa mtaa wetu. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa ajili ya kila mwanamke na mwanamume ambao mmoja anapenda nyumba na mwingine anaiogopa.

Mkaa unaoulinda mti

Tuanze na jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye mafiga tunalijua bila kufundishwa darasani. Ukitaka chai ichemke upesi, unaingiza vijiti vikavu. Gogo nene huwezi kuliwasha kwa kiberiti. Utamaliza njiti zote na gogo linakutazama tu. Hata likishashika, ukilivuta nje ya mafiga na kulitenga na wenzake, linafifia na kuzimika. Asubuhi ukilipasua, nje ni jeusi, ndani bado ni mti mzima. Wahenga walishaliona hilo waliposema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja peke yake hakina ubavu.

Sababu yake ni hii. Mti hauwaki wenyewe kama petroli. Ukipata joto la nyuzi 300 hivi, huanza kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka kwa ndimi. Kinachobaki juu ya gogo ni mkaa. Sasa mkaa huo unakuwa kama blanketi: unapitisha joto kidogo sana, na unauzuia moto usiufikie mti ulio nyuma yake kwa haraka. Moto unaendelea kula, ndiyo, lakini unakula polepole, tabaka kwa tabaka.

Polepole kiasi gani? Wahandisi wa Ulaya wanapopiga hesabu za jengo la mbao, huchukulia kwamba mti laini kama msonobari unaliwa milimita 0.65 hadi 0.8 kwa dakika. Kwa saa nzima hiyo ni sentimita 4 hadi 5. Na moto wanaoupigia hesabu si wa kitoto: ni ule wa maabara ambao baada ya saa moja unafika nyuzi 945. Chukua gogo la sentimita 20 linaloungua upande mmoja. Saa moja imepita, bado una sentimita 15 za mti mzima. Na sentimita chache tu nyuma ya mkaa, mti huo bado haujapata moto kabisa.

Sasa chukua ubao wa sentimita 2, uache uungue pande zote mbili. Kwa mwendo uleule, dakika kumi na chache tu, umekwisha. Hapo ndipo ilipo tofauti ya mume wangu. Vibanda vya mabanzi na mabati tunavyovijua sisi, kama vile vya soko la Gikomba kule Nairobi ambalo limeungua mara nyingi, ni mti mwembamba wenye hewa pande zote, kimoja kimeegemea kingine. Hivyo ni vijiti. Ukuta wa magogo ni gogo.

Hata chuma, ambacho wengi wetu tunakiamini kuliko mti, kina mambo yake. Hakiungui, lakini kikifika nyuzi 550 hadi 600 kinapoteza karibu nusu ya nguvu zake na kuanza kujikunja. Ndiyo maana siku hizi wahandisi hawaoni aibu kujenga marefu kwa mti mnene. Huku Norway, katika mji wa Brumunddal, kuna Mjøstårnet, jengo la ghorofa 18 lenye urefu wa zaidi ya mita 85. Lilipomalizika mwaka 2019 ndilo lililokuwa jengo refu kuliko yote ya mbao duniani. Nguzo zake zilifanywa nene makusudi, ili moto ukipata sehemu yake ya kugeuza mkaa, mti unaobaki uweze bado kubeba jengo.

Na kuhusu umri, twende Eidsborg, hukohuko Telemark. Kuna ghala la ghorofa mbili liitwalo Vindlausloftet, la magogo, ambalo miti yake ilikatwa karibu na mwaka 1167. Fikiria, msomaji wangu: mti mkavu, karne zaidi ya nane, mienge, mishumaa, radi, na bado limesimama. Mume wangu alinipeleka kuliona, akanyamaza kimya, akaniacha nitazame mwenyewe. Mbinu za wanaume!

Basi mbona miji iliungua?

Na mimi nikamjibu kwa historia. Oslo ya zamani ilikuwa mji wa magogo. Mwaka 1624 iliungua kwa siku tatu, hata mfalme Christian wa Nne akaamuru mji ujengwe upya mahali pengine, wenye barabara pana na nyumba za mawe na matofali. Mwaka 1702 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Bergen. Halafu usiku wa Januari 23 mwaka 1904, Ålesund: nyumba 850 hivi zimekwenda, watu wapatao 10,000 hawana pa kulala katikati ya baridi, na aliyekufa ni mmoja tu. Mwaka huohuo serikali ikatunga sheria kwamba nyumba za mijini zijengwe kwa mawe na matofali.

Kama gogo linaungua polepole hivyo, miji mizima ilikwendaje?

Jibu ni kwamba moto haukuanza kwa kula kuta. Ulishika mapaa, mabanda, nyasi kavu za mifugo, kuni zilizopangwa ukutani. Nyumba zilibanana, vichochoro vilikuwa vyembamba, na upepo ukabeba makaa yanayowaka kutoka paa hadi paa. Kinga na kinga, tena! Nyumba moja iliyowaka inaipasha joto ya jirani, na ya jirani inairudishia. Gogo lililotengwa huzimika, lakini magogo mawili yanayotazamana kwa karibu hulishana moto.

Na tusidhani hayo ni ya mababu tu. Januari 2014 moto ulianza katika nyumba moja huko Lærdalsøyri, kijiji cha kale cha magharibi mwa Norway. Upepo ulikuwa mkali. Mpaka moto unadhibitiwa, majengo yapatayo 40 yalikuwa yameteketea. Hakuna aliyekufa, lakini watu wengi walipelekwa hospitali kwa sababu ya moshi. Huko Kondopoga, kaskazini mwa Urusi, kulikuwa na kanisa la magogo la mwaka 1774, refu la mita 42. Mwezi Agosti 2018 kijana mmoja alilitia moto. Lilikwenda lote.

Kwa hiyo dalali anayekuambia magogo hayaungui, mwambie apunguze chumvi. Yanaungua. Katika mfumo wa Ulaya wa kupima jinsi vifaa vya ujenzi vinavyochangia moto, unaoanzia A1 mpaka F, ubao wa kawaida usiotiwa dawa hupewa D. Maana yake uso wa ukuta wako unaweza kushika ndimi na kuulisha moto uliomo chumbani. Kinachochelewa ni ukuta kupoteza nguvu na kuanguka. Hayo ni mambo mawili, na watu wanayachanganya sana.

Cheche zinashinda ndimi

Nyumba tunayoitaka ina msitu nyuma yake, kwa hiyo kulikuwa na swali jingine: je, msitu ukiwaka? Mfano ulionituliza zaidi unatoka Marekani, katika hifadhi ya Yellowstone. Kuna hoteli iitwayo Old Faithful Inn, iliyojengwa mwaka 1903 na 1904 kwa magogo ya msonobari wa hukohuko. Mwaka 1988 hifadhi iliungua kiangazi kizima. Moto mmojawapo ulianzishwa na sigara iliyotupwa na mtu aliyekuwa akikata kuni, na Septemba 7 ukafika hotelini, cheche zikinyesha kama mvua.

Hoteli haikuungua. Ni kwa ajili ya magogo yake manene? Kwa sehemu tu. Mwaka mmoja kabla, ilikuwa imewekewa mfumo wa kumwaga maji juu ya paa. Siku ile maji yalifunguliwa, zimamoto wakawa wanazima kila kaa lililotua, na upepo nao ukawahurumia. Kilicholindwa ni paa.

Mwanasayansi wa moto wa Idara ya Misitu ya Marekani, Jack Cohen, alilifanyia kazi jambo hilo kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kaskazini mwa Kanada, kuta za mbao zilisimamishwa mbele ya msitu uliowashwa makusudi, moto mkubwa kabisa unaopanda mpaka vilele vya miti. Ukuta uliokuwa umbali wa mita 10 uliweza kushika moto. Wa mita 20 ulibabuka kidogo. Wa mita 30 haukufanywa kitu. Yaani ndimi za msitu unazoziogopa haziruki mbali kama unavyodhani. Kinachoziangamiza nyumba nyingi ni cheche zinazopeperuka, zikatua kwenye majani makavu ndani ya mifereji ya paa, chini ya baraza, au kwenye lundo la kuni ulilolipanga ukutani kwa sababu ni karibu na mlango.

Hilo ni jambo ambalo fagio na ngazi vinalitibu. Nikapumua kidogo.

Ukuta hauui, moshi ndio unaoua

Sasa tufike pale ambapo mimi na mwenzangu tulikwama kwa wiki nzima. Yeye kila jioni ananiletea takwimu za magogo: dakika 60, dakika 90. Mimi kila jioni namuuliza kuhusu watoto. Tukaishia kununiana. Mpaka siku moja afisa wa zimamoto aliniuliza swali ambalo lilinifungua macho: "Unataka kujua nyumba itasimama muda gani, au ninyi mna muda gani wa kutoka?"

Hayo ni maswali mawili tofauti! Mume wangu alikuwa anajibu la kwanza, mimi nilikuwa nauliza la pili. Wote tulikuwa sahihi, na ndiyo maana hakuna aliyeshinda.

Swali la pili jibu lake haliko ukutani. Liko kwenye makochi. Maabara ya UL ya Marekani iliwahi kuwasha vyumba viwili vya kukaa, kimoja kina fanicha za kizamani za mti, pamba na sufu, kingine kina fanicha za kisasa za sponji na vitambaa vya plastiki. Chumba cha kizamani kilichukua karibu nusu saa mpaka kila kitu ndani kulipuka moto kwa pamoja. Cha kisasa hakikufika dakika 5.

Dakika 5, msomaji! Kwa muda huo gogo la ukuta limeliwa milimita 4. Halijajua hata kama kuna moto. Lakini aliyelala juu ameshavuta moshi. Na moshi una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, inayokulegeza usingizini bila kukuamsha. Usidhani pua yako itakugutusha. Mtu aliyelala hategemei pua.

Hapo ndipo nilipoelewa somo lote kwa ufupi: unene wa gogo unaipa nyumba muda, wewe haukupi. Muda wako unapewa na king'ora cha moshi, mlango uliofungwa, na njia ya kutokea. Nyumba ya zege yenye kochi la sponji na isiyo na king'ora ni hatari kuliko nyumba ya magogo yenye ving'ora vinavyofanya kazi. Nilipofika hapo niliangalia dari ya fleti yetu kwa jicho jipya.

Wanorway hili wamelitungia sheria. Tangu mwaka 1990 kila nyumba lazima iwe na king'ora cha moshi na kifaa cha kuzimia moto. Kila Desemba mosi wanakumbushana kujaribu ving'ora na kubadilisha betri, maana mwezi huo ni wa mishumaa na majiko. Sisi tukaenda hatua moja zaidi: tulikibonyeza king'ora chetu usiku, watoto wamelala, tuone. Mkubwa aliamka akakaa kitandani. Mdogo akageukia upande wa pili, akaendelea na usingizi wake. Wataalamu wanasema hiyo ni kawaida kwa watoto. Kwa hiyo mpango wowote unaotegemea mtoto aamke na kutoka mwenyewe si mpango. Lazima iamuliwe kabla: nani anamchukua nani.

Pale nyumba ya magogo inapovuja

Kila nyumba ina udhaifu wake, kama kila mume. Ya magogo ina yake, na dalali hatakuonyesha.

La kwanza ni dohani. Mti hunywea unapokauka, kwa hiyo ukuta wa magogo hushuka sentimita kadhaa katika miaka yake ya mwanzo. Dohani ya matofali haishuki. Pale dohani inapopenya sakafu na paa, lazima iachiwe nafasi kutoka kwenye mti, na nafasi hiyo iangaliwe, maana nyumba inapotembea mti unaweza kusogea ukaigusa. Ongeza masizi: kuni mbichi huacha lami nyeusi ndani ya dohani, na lami hiyo ikishika moto, dohani inageuka tanuri kutoka chini mpaka juu.

La pili ni matundu yaliyofichika. Nyumba nyingi za zamani zimevalishwa mbao nyembamba juu ya magogo, nje au ndani, ili zipendeze. Kati ya vazi na gogo kuna uwazi. Moto ukiingia humo unapanda kama ndani ya bomba, na zimamoto hawauoni. Gogo tupu ni salama kuliko gogo lililovalishwa vibaya. Vilevile mianya kati ya gogo na gogo lazima izibwe vizuri, kwa sufu au kitani, isipitishe hewa wala moshi.

La tatu ni paa na sakafu. Kuta ni nene, sawa, lakini dari na ngazi ni za mbao za kawaida. Moto ukipanda darini, sifa za ukuta hazikusaidii.

La nne ni umeme. Nyumba ilijengwa wakati wa taa za mafuta, nyaya zikaja baadaye, zikafungwa fungwa juu ya mti. Soketi mbili za zamani, chaja nane za familia ya leo. Unajua mwenyewe.

La mwisho, gogo halisahau. Moto ukishazimwa, kaa linaweza kubaki ndani ya ufa na kuamka baada ya saa nyingi. Sisi tuliokuwa tunafukia kaa kwenye majivu ili tuwashe moto asubuhi, hilo halitushangazi. Kwa sababu hiyohiyo majivu ya jiko hayatupwi kwenye ndoo ya plastiki.

Kitu kimoja kilinifurahisha sana. Kwenye makazi mengi ya zamani ya wakulima wa Norway, utakuta nyumba ndogo imesimama peke yake mbali kidogo na ile kubwa. Inaitwa eldhus, nyumba ya moto. Humo ndimo walimookea mikate, wakapikia, wakapika pombe. Ghala la chakula nalo liko peke yake. Nikacheka. Hilo si ndilo jiko letu la nje? Bibi zetu hawakuketi meza moja na hawa watu, lakini waliogopa kitu kilekile na wakakiweka mbali na mahali wanapolala. Mti waliupenda, moto wakauheshimu.

Kabla hamjasaini

Kama na wewe mwenzio ameipenda nyumba ya mti, iwe ni Ulaya, Marekani au hata ile ya mapumziko mnayotaka kujenga milimani, usiseme "hapana" na usiseme "ndiyo." Sema "tukague." Yangu ni haya:

1. Dohani ikaguliwe na mtu wa kazi hiyo, kwa maandishi, kuanzia jikoni mpaka juu ya paa. Akisema ipasuliwe, bei ya nyumba ishuke.

2. Nyaya zote zikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Hakuna kuchaji simu wala baiskeli ya umeme usiku watu wamelala.

3. Ving'ora vya moshi kila ghorofa na nje ya vyumba vya kulala, vya aina inayounganishwa: kimoja kikilia, vyote vinalia.

4. Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 6, karibu na njia ya kutokea, na kila mtu mzima ajue kuutumia.

5. Dirisha la kutokea kila chumba cha juu, na ngazi. Dirisha lililokwama kwa rangi ni ukuta tu.

6. Milango ya vyumba ifungwe usiku. Mlango uliofungwa unazuia moshi na kukununulia dakika za thamani.

7. Kuni, majani makavu na mifereji ya paa. Karibu na ukuta pawe peupe. Kuni zikae kwenye banda lake, mbali.

8. Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta, yakae siku kadhaa.

9. Mahali pamoja pa kukutania nje. Mti, kisanduku cha barua, chochote, ili msihesabiane gizani na mtu akarudi ndani kumtafuta ambaye ameshatoka. Huku Norway namba ya zimamoto ni 110. Watoto waijue kwa moyo.

Mume wangu aliisoma orodha yote akiwa amesimama. Nilitegemea abishe. Akachukua kalamu, akaongeza la kumi: "Baba anamchukua mdogo, mama anamchukua mkubwa. Hakuna kurudi kuchukua kitu." Halafu akaibandika kwenye friji.

Nikwambie ukweli, dada, orodha hiyo imeleta amani kuliko maua. Kwa miezi miwili yeye alidhani naikataa ndoto yake, na mimi nilidhani ananiona mwoga wa kijijini. Kumbe kila mmoja alikuwa anailinda familia kwa upande wake: yeye anataka ukuta wa kudumu wa kuwaachia watoto, mimi nataka watoto wa kuachiwa. Hofu ya mwenzio si dharau kwa ndoto yako. Ukiisikiliza mpaka mwisho, mara nyingi utakuta ndani yake kuna kazi ya kufanya, na kazi ikishafanywa, hofu inapungua yenyewe.

Msafisha dohani anapanda paa Alhamisi, fundi umeme Ijumaa. Mkataba uko mezani, na kalamu ninayo mimi.